Waliosema Hakulia

Loveness alifika kwangu Malindi, hii yetu ya milimani si ile ya pwani, mvua za masika zikiwa zinaishia, na begi la mgongoni, tableti ndani ya mfuko wa nailoni, na sweta jepesi la watu wa nchi ya joto. Mwenyekiti wa kitongoji ndiye aliyemleta. Alisema binti anasoma shahada ya pili ya afya ya jamii huko Dar es Salaam, anafanya utafiti wa watoto wachanga wanaofariki, na chuo kinamtafutia nyumba yenye utulivu ya kukaa mpaka amalize. Mimi ni mjane, watoto wangu wako Tanga na Korogwe, na chumba cha mwanangu Kristian kilikuwa kimebaki na magunia ya viazi tu. Nikayatoa magunia.

Aliniamkia vizuri, na asubuhi aliponiona nasali kabla ya uji naye alifumba macho. Kwao ni Shinyanga. Nikaona ni mtoto aliyelelewa, nikampa koti la marehemu mume wangu, lile zito, akacheka jinsi lilivyomfika magotini. Akalivaa siku zote.

Kazi yake ilikuwa kwenda kwa mama aliyefiwa na mtoto mchanga na kumwuliza mambo yalivyokuwa, maana wengi walifia nyumbani na hakuna daktari aliyewaona. Maswali yalikuwa ndani ya tableti. Moja lilikuja mapema kuliko mengine: Je, mtoto alilia baada ya kuzaliwa, hata kidogo? Mama akijibu hakulia, tableti iliyaruka maswali mengi ikaenda mwisho. Akijibu alilia, yalifunguka mengine nyuma yake. Loveness alinieleza tukiwa tunamenya viazi kwamba aliyelia alizaliwa mzima, kwa hiyo kuna ugonjwa au jambo fulani lililomwua, na likijulikana linaweza kuzuiwa kwa mwingine. Asiyelia anahesabiwa mahali pengine.

Kwetu nako tunawatenga hivyo hivyo, ila kwa sababu nyingine. Mtoto aliyelia akafa ni marehemu kamili. Wanaume wataitwa. Waislamu watampa jina na kumswalia, sisi Walutheri tutaulizana kama kuna aliyewahi kumbatiza, na watu watakaa matanga. Asiyelia huzikwa na wanawake peke yao, nyuma ya nyumba kwenye migomba, upesi, na mama huambiwa asitoe machozi, aangalie mbele. Basi imekuwa, na sijui ilianza lini, kwamba wanawake waliokuwa chumbani wakitoka husema hakulia. Mtoto akivuta pumzi mbili tatu akakata, husema hakulia. Wanamhurumia mama. Wa kwangu wa kwanza, kabla ya Kristian, niliambiwa hakulia. Sikuuliza zaidi.

Hayo nilimweleza Loveness. Aliacha kumenya, akanitazama.

"Kwa hiyo nikiwauliza watanidanganya?"

"Hawakudanganyi. Wanakujibu walivyoambiwa."

Nyumba ya kwanza nilimpeleka mwenyewe, kwa Rahma, mke wa Rajabu, hapo chini yetu ng'ambo ya kijito. Rajabu husafiri na malori ya mboga, nyumbani anapita tu. Rahma alikuwa amejifungua mwaka uliopita wakati udongo ulipoporomoka ukaziba barabara ya zahanati, na aliyempokelea mtoto ni mama mkwe wake, Mwanamisi. Mwanamisi ni mwanamke mrefu, mnyamavu, na siku ile alikataa kutoka. Loveness alimwomba kwa heshima zote amwache Rahma ajibu peke yake. Akasema mtoto alitua mikononi mwake yeye, nani mwingine atajua.

Maswali ya mwanzo yalikwenda vizuri, umri, mimba ya ngapi, kliniki alikwenda mara ngapi. Kisha Loveness akauliza lile.

"Hakulia," Mwanamisi akasema.

Rahma alikuwa akiitazama mikono yake. Loveness alimgeukia, akalirudia swali polepole, akimwita dada. Rahma alifungua mdomo. Mwanamisi akasema tena, kwa sauti ile ile, hakulia. Tableti ikaruka, na baada ya muda mfupi tukawa tumeshaaga.

Siku zilizofuata ukungu ulikuwa mzito, ule unaoshuka asubuhi na kukaa juu ya kabichi kama umetandikwa. Nilikuwa nakata majani ya ng'ombe nikaona mtu amesimama mwisho wa shamba langu. Alikuwa Rahma, kajifunga khanga moja tu kwa baridi ile. Niliitikia shikamoo yake, nikamwuliza za asubuhi. Hakujibu za asubuhi.

"Mgeni wako yupo?"

"Yupo, anakunywa uji. Karibu."

"Mwambie amnyamazishe."

"Amnyamazishe nani, mwanangu?"

"Mtoto," akasema. "Tangu aniulize, analia. Pale kwenye migomba. Ukungu ukishuka anaanza."

Nilimfunika kitenge changu, nikamwambia twende ndani tusali. Akasema mkwewe atamtafuta, akarudi alikotoka. Kesho yake alikuwa pale tena, na siku iliyofuata. Haji karibu wala haiti mtu. Anasimama ukungu umfiche nusu, halafu anaondoka.

Loveness akaenda nyumba nyingine, na nyingine. Na nyuma yake yakawa yale yale. Mama mmoja upande wa kanisani alitoka shambani mbio akisema kuna kichanga kwenye mtaro. Mwingine alihama chumba. Bombani maneno yakaanza, na kwa kuwa mimi ndiye mwenyeji wake niliyapokea mimi.

"Mama Kristian, huyo uliyemfuga anawaamsha watoto wa watu."

"Mwache," mwingine akadakia. "Kesho aje kwangu aniulize na jogoo wangu aliyekufa kama aliwika."

Walicheka, nami nikajaza ndoo yangu. Lakini nilipojitwika nilisikia mmoja akisema, bila kucheka, kwamba wakimwona mlangoni watamfungia.

Nilidhani Loveness hayajui hayo. Kumbe anayajua yote, na zaidi. Jioni moja, jua halijazama bado, tulikuwa tunachambua maharage barazani akainua kichwa.

"Mama, jirani yetu huyu wa juu ana mtoto mdogo?"

Jirani yetu wa juu ni mzee Abubakari, anaishi peke yake na mbuzi. Nikamwambia hivyo. Akasikiliza tena, kisha akaendelea kuchambua, ila alikuwa anayatupa maharage mazima na kubakiza mabovu. Mimi sikusikia kitu. Nilisikia kijito, na kuku wakipanda kulala.

Toka hapo nikaanza kumwangalia. Mwanzoni nyumba moja ilikuwa inamchukua mpaka mchana, anarudi macho mekundu, hali chakula. Sasa akawa anaondoka na kurudi maharage hayajaiva. Na wanawake wakawa wanamsalimia vizuri njiani. Mmoja alimpa peasi, mwingine karoti za kujaza mfuko. Nikajiuliza mtu anayeuliza jambo lile anapewaje karoti.

Nilimwuliza siku ya Jumapili tukitoka ibadani. Hakunificha.

"Siulizi tena lile swali, mama. Nawauliza ya mwanzo, nikifika pale nabonyeza hakulia mwenyewe. Tableti inaruka, namaliza, tunazungumza habari za mahindi."

"Na msimamizi wako?"

"Yeye anaona namba tu."

Akasema ameona jinsi wanavyokuwa akiuliza. Akasema alisomeshwa kuuliza kwa upole, alifundishwa kunyamaza mama akilia, alipewa namba ya kupiga mama akizidiwa. Yeye mwenyewe akizidiwa hakupewa namba. Nikaona amefanya kile kile wanachofanya wanawake wetu mlangoni. Amekaa hapa miezi michache tu na tayari ni mmoja wetu.

Alidhani kilio kitakoma. Kikazidi. Alisema kwanza alikuwa anamsikia mmoja, wa Rahma, sasa ni wengi, na hao wengine wote ni wa zile nyumba alizobonyeza bila kuuliza. Alianza kuziba madirisha kwa nguo mchana. Nilikaa naye chumbani, nikaimba mapambio niliyoyajua, nikasali. Akaniomba kitu kimoja, nisimwambie mtu wa chuo kwamba anasikia. Wangesema amechanganyikiwa, wangemrudisha, na masomo yake yangeishia hapo. Kwao ni yeye peke yake aliyefika chuo, na wadogo zake wanne wanamtazama yeye.

Nikamwahidi.

Msimamizi wake aliitwa Dokta Alen. Alipiga simu katikati ya wiki, na kwa kuwa mtandao kwetu unapatikana vizuri kwenye kichuguu cha nyuma ya zizi, nilimsikia Loveness akijibu ndiyo, hapana, ndiyo. Aliporudi alinieleza. Dokta alikuwa ameona kwenye kompyuta yake kwamba nyumba zote za karibuni zimejibu hakulia, zote, bila hata moja, na mazungumzo yamekuwa mafupi. Alikuwa amemwuliza mara moja tu kama ana la kumwambia, naye akasema hana. Basi anakuja.

Nilimtarajia mtu mzima mwenye mvi. Akashuka kwenye bodaboda kijana mwembamba, viatu vya mjini vimejaa tope, akanipa shikamoo kabla hajavua kofia. Mwenyekiti alikuwa amefuatana naye akimwita kwa lugha yetu mghosi, mghosi, kama mzee wa ukoo, na yeye anageuka nyuma kutazama anaitwa nani. Nilimpa chai. Loveness alikuwa amejifungia.

"Mama, ni mwanafunzi wangu wa kwanza," akaniambia kwa sauti ya chini. "Nimepata udaktari juzi tu. Kama ametunga majibu, wataniuliza mimi nilikuwa wapi."

"Ulikuwa wapi?"

Alitabasamu vibaya. "Ofisini. Utafiti wangu mimi ulikuwa wa vyandarua. Niliuliza watu kama wanalala ndani ya chandarua. Hakuna aliyelia."

Nikamwita Loveness. Alitoka na koti la mume wangu, akasimama mlangoni, akamweleza yote aliyofanya. Aliyoyasikia hakuyataja. Dokta Alen hakupandisha sauti. Alikizungusha kikombe mpaka chai ikapoa. Kisha akasema majibu yale yatafutwa yote, na yeye atawaandikia waliotoa kibali kwamba kosa limetokea, na jina lake litakuwa chini pamoja na la Loveness. Kazi itaanza upya kutoka nyumba ya kwanza. Kama Loveness anaweza kuuliza, ataendelea. Kama hawezi, utafiti utafungwa, na yeye kama msimamizi itabidi aandike kwamba mwanafunzi ameshindwa.

"Sitaki kuandika hivyo," akasema. "Nitakwenda na wewe. Nitakaa nje kila nyumba mpaka utoke. Nilipaswa kufanya hivyo toka siku ya kwanza."

Loveness alinitazama mimi. Nilijua anachouliza. Nikamwambia nitakuwa ndani.

Asubuhi ukungu ulikuwa chini kabisa, hata migomba ya karibu ilionekana kama watu wamejifunika. Tulishuka kwa Rahma tukivuka kijito kwa mawe. Kwa jinsi Loveness alivyokuwa akitembea, kichwa upande, nilijua anasikia. Dokta Alen alikuja nyuma akiteleza, anaomba radhi kwa tope.

Mwanamisi alikuwa uani anapepeta mahindi. Aliitikia salamu, akatazama tableti, akaendelea kupepeta. Akasema tulishajibiwa. Loveness alipiga goti kidogo, akasema ni kweli bibi, lakini alikuwa na haraka siku ile, na amekuja kumwomba Rahma amruhusu aulize tena kama inavyotakiwa, na Rahma akikataa ataondoka.

Rahma alikuwa amesimama mlangoni. "Ingieni," akasema.

Dokta Alen alibaki uani, kama alivyoahidi, amejikunyata kwenye gogo karibu na migomba. Mwanamisi hakutuzuia, lakini hakuingia. Alisimama kizingitini, mgongo kwa mwanga, ungo bado mkononi. Tulikaa kwenye mkeka. Rahma aliushika mkono wangu, wake ulikuwa wa baridi kama chuma cha bomba.

Maswali ya mwanzo yakapita tena, umri, mimba, kliniki. Loveness alikuwa akisoma neno kwa neno. Halafu akafika. Nikaona kidole chake kimesimama juu ya kioo, mahali pale alipozoea kubonyeza mwenyewe. Akakiondoa. Akaiweka tableti mkekani, akamtazama Rahma usoni.

"Dada Rahma, mtoto wako alilia baada ya kuzaliwa, hata kidogo?"

Rahma hakuchelewa. "Alilia."

"Hakulia," Mwanamisi akasema kutoka mlangoni.

"Nilimsikia, mama."

"Ulikuwa umezimia. Ulisikia mvua."

Loveness hakugusa tableti. Mimi nilikuwa nasali moyoni, si maneno, ni kumwita Bwana tu. Hapo mlango ukagongwa kidogo, na Dokta Alen akachungulia nyuma ya bega la Mwanamisi, amejaa haya kama mtu aliyeingilia watu wanakula.

"Samahani sana, mama zangu. Kuna mtoto mchanga analia huku nje, kwenye migomba. Ni wa nani? Baridi hii kali, mumtazame."

Alitutazama mmoja mmoja, akaona nyuso zetu, akarudi nyuma bila kuuliza tena. Mimi nilitega sikio kwa nguvu zangu zote, nikasikia matone yakidondoka kwenye majani. Mimi sikujaliwa, au nimeepushwa, sijui.

Ungo wa Mwanamisi uliinama, mahindi yakamwagika kizingitini. Hakuyaokota. Aliingia, akakaa chini taratibu kama mtu anayeshushwa, akaweka viganja juu ya magoti.

"Mara mbili," akasema. "Alilia mara mbili."

Rahma aliachia mkono wangu.

"Rajabu hayupo," Mwanamisi akaendelea, akizungumza na mkeka. "Barabara imefunga. Mvua inapiga. Wewe damu inakutoka, sijui nikushike wewe au nimshike yeye. Ningewaita wanaume wakachimbe kwenye maji? Ungekaa matanga na hali ile? Nikasema nikikwambia hakulia, hutamzoea. Utaamka."

"Sikuamka," Rahma akasema.

Walitazamana. Nilifikiri Rahma atapiga kelele, au atamfukuza mkwewe, au Mwanamisi atainuka aondoke. Hawakufanya hayo. Rahma alijiburuta mkekani mpaka goti lake likagusa la mkwewe, wakabaki hivyo. Machozi yalikuwa yanamtoka Mwanamisi peke yake.

Loveness akachukua tableti. Akabonyeza. Nami nikiwa karibu naye niliona ukurasa ambao sijawahi kuuona, maswali yamejipanga kwenda chini, marefu, na kidole chake kikishuka hayaishi. Akaniangalia kama anayeomba ruhusa, kisha akawaangalia wao.

"Yapo mengine," akasema. "Ni mengi. Yanahusu muda aliokuwa hai. Si lazima leo."

"Leo," Rahma akasema.

Loveness akasoma la kwanza. Alipumua vizuri, au kwa shida? Mwanamisi akafikiri, akasema mwanzo vizuri, halafu kama mtu anayepanda mlima. Midomo yake ilikuwa na rangi gani? Mwanamisi akageuza khanga yake, akatafuta kwenye maua rangi inayofanana, akaionyesha. Mikono na miguu aliichezesha? Mkono mmoja, wa kulia, aliufungua akaufunga.

Rahma alikuwa anasikiliza kila jibu mdomo wazi, kama anayelishwa. Mwaka mzima alikuwa hajui hata hilo, kwamba mtoto alifungua mkono. Alimkatiza mkwewe mara moja tu, kuuliza alikuwa wa kiume au wa kike, maana hata hilo alifichwa. Mwanamisi akasema wa kiume.

"Alinyonya?" Loveness akauliza.

Nje, Dokta Alen alikuwa ameondoka kwenye gogo, nilimwona kupitia mlango akizunguka migomba polepole, anainama, anafunua majani makavu kwa mikono yake, anatafuta.

"Hakunyonya," Mwanamisi akasema. "Ila alitafuta. Nilimweka hapa kifuani kwangu nimpashe joto, akageuza uso. Akatafuta."

Loveness akafuta macho kwa mkono wa koti, akashusha kidole kwenye kioo, na nikaona anataka kulivuka swali linalofuata, kwa huruma, kama alivyozoea. Rahma naye aliona. Akauweka mkono wake juu ya wa Loveness, akauzuia.

"Usiruke," akasema. "Hata moja usiruke."

Loveness akarudi juu, akalisoma.